Kuipeleka Mashua Ziwani kwa Njia ya Nchi Kavu

Chombo cha majini kimeundwa ili kibebwe na maji pande zake zote kwa wakati mmoja, na fundi anayekiunda, tangu anapoulaza mkuku hadi anapogongomea ubao wa mwisho, hana fikira nyingine. Kwa hiyo siku kinapotolewa pwani na kuwekwa juu ya tela, kivutwe mwendo wa siku kadhaa kwenda ziwani, uzito wake wote, ambao bahari ilikuwa ikiugawa kwa insafu baina ya kila ubao na kila taruma, huangukia sehemu chache tu za mbao na vyuma, na sehemu hizo zikiwa zimewekwa vibaya, kila shimo na kila tuta la barabarani ni nyundo juu ya ubavu wake. Nimeona vema nianze na jambo hili kwa kuwa watu wengi wanaotaka shauri juu ya safari ya namna hii huanza kwa kuuliza habari za nguvu za gari, ilhali gari lenye nguvu ni jambo jepesi kulipata. Lililo gumu ni kujua mashua imelala juu ya nini.

Mimi nakaa Lutindi, katika milima iliyo juu ya Korogwe, mahali ambapo wengi wanapajua kwa ajili ya hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanzishwa na wamishonari wa Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Na kwa kuwa ndugu na rafiki zangu wa pwani hupita chini yetu wanapokwenda bara, aghalabu hunitaka mashauri kabla hawajaendelea. Njia ninayoikusudia ni ile itokayo Tanga, ikapita Muheza, Segera, Korogwe na Mombo, ikafuata miguu ya milima ya Usambara na Upare hadi Same na Moshi, kisha ikaenda Arusha, Babati, Singida, Nzega na Shinyanga, ikaishia Mwanza: ni takriban kilomita 1,200, nayo ni ya lami. Na mashua ninayoisemea ni ile ya mbao, ya tanga moja, yenye urefu wa mita 5 au 6, ambayo mtu wa Tanga huweza kuiagiza kwa fundi wa kwao na mtu wa Mwanza akaitamani.

Majira yafaayo ni ya kipupwe, baina ya mwezi wa Juni na Agosti. Masika yamekwisha, makorongo yamekauka, kando ya barabara ardhi imekuwa ngumu hata gari likilazimika kujitenga haliwezi kuzama, na kule pwani kusi limekaza kiasi ambacho mashua ndogo nyingi hukaa mchangani zikingoja bahari itulie, basi mwenye chombo hapotezi riziki kubwa kwa kukiondoa majini wakati huo. Lakini majira hayo hayo yaletayo barabara kavu huzinyang'anya mbao unyevu wake. Aliyezoea hewa nzito ya chumvi ya Tanga hakisii jinsi hewa ya Same au ya Singida inavyoyanyonya maji ya ubao, mchana kwa jua na upepo, usiku kwa baridi kavu. Na mashua ambayo Tanga ilikuwa haipitishi hata tone huweza kufika ziwani ikiwa na mianya ya kupitisha ukucha. Jambo hili nitalirejea, kwa maana ndilo linaloharibu mashua nyingi zaidi kuliko ajali.

Kuvusha vyombo juu ya nchi kavu si jambo geni katika nchi zetu. Mwaka 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua yake, Lady Alice, iliyoundwa kwa vipande ili wapagazi waichukue, na mwanzoni mwa mwaka 1875 vipande hivyo vikaunganishwa na mashua ikashushwa katika ziwa hili hili la Nyanza, yaani Viktoria. Wajerumani nao waliileta meli Graf von Götzen kutoka Papenburg ikiwa vipande ndani ya masanduku, ikasafirishwa kwa reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, na mwaka 1915 ikaelea katika Ziwa Tanganyika. Ndiyo Liemba tuijuayo. Mwaka huo huo Waingereza wakapeleka katika ziwa hilo hilo mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa futi 40, na hizi zilikwenda zikiwa nzima: kwanza kwa reli kutoka Cape Town hadi Kongo, kisha zikakokotwa kwa mitambo ya mvuke na kwa ng'ombe kuipita milima ya Mitumba, huku vikosi vya watu vikitangulia mbele kufyeka njia na kujenga madaraja. Utaona ya kuwa wenye kufaulu ama walikivunja chombo vipande vipande, ama waliitengeneza barabara ikakifaa chombo. Msomaji wangu hana uwezo wa kufanya lolote katika haya mawili, maana mashua ya fundi wa Tanga haivunjiki ikaunganishwa, na barabara ni kama aikutavyo. Lililobaki mikononi mwake ni tela.

Tela basi na liwe refu kuliko macho yanavyodhani kuwa yatosha, kwa sababu mkuku wapaswa kulala juu ya gogo moja refu la mti mgumu, au juu ya magurudumu madogo yaliyokaribiana, tangu chini ya hanamu hadi chini ya fashini, pasiwe na sehemu yoyote inayoning'inia. Nimeziona mashua ambazo shetri lake lilizidi mwisho wa tela kwa dhiraa mbili, na wenyewe wakaridhika kwa kuwa zilikuwa zimekaa kwa utulivu. Lakini baada ya mamia ya kilomita uzito wa nyuma huushusha mkuku kidogo kidogo, nao ukishapinda haunyooki tena, na chombo hakiendi sawa maisha yake yote. Magadi ya ubavuni hayana kazi ya kubeba. Kazi yake ni kuizuia mashua isilale upande, na kila gadi ligusane na ubao mahali palipo na taruma kwa ndani, lisiguse ubao mtupu, nalo livikwe kipande cha zulia au mpira wa tairi kuukuu. Mwenye kutia shaka na aingie ndani ya mashua, atie alama ya chaki pale yalipo mataruma, kisha ayapange magadi kwa kufuata alama zile.

Katika kuifunga, kumbuka kwamba chombo hutaka kwenda pande nne. Mikanda miwili au mitatu ipite juu na kukivuta chini kwenye fremu ya tela; mmoja wa omoni ukivute mbele kisirudi nyuma wakati wa kupanda; na mwingine, ambao wengi huusahau, ukizuie kisiruke mbele siku utakapolazimika kukanyaga breki ghafla kwa ajili ya ng'ombe. Sisi wa wilaya hizi za Korogwe na Muheza tumezungukwa na mashamba ya mkonge, na kamba ya katani kwetu ni rahisi kupatikana, lakini katika kazi hii ina hila yake: ikipata umande wa alfajiri hujikaza, ikawa mtu akiipapasa asubuhi hujiona amefunga kwa ustadi mkubwa, na jua la saa sita likiisha kuikausha hulegea, na mashua huanza kucheza wakati mwenyewe ameshaacha kutazama. Afadhali mikanda ya nailoni yenye kukazwa kwa chuma. Na aliye na katani tu na asimame adhuhuri, akaze upya.

Baada ya kufunga, pima. Uzito unaoelemea kwenye kiungo cha gari na tela uwe takriban sehemu moja katika kumi ya uzito wote wa tela pamoja na mzigo wake: ikiwa mashua ni kilo 600 na tela ni kilo 250, basi shingo ya tela ilemee kwa kilo 80 hivi. Kuipima hakuhitaji mtambo. Weka mizani ya kupimia watu juu ya jiwe au tofali, simamisha kipande cha mbao juu yake hadi kimo kile kile cha kiungo cha gari, halafu iegemeze shingo ya tela hapo. Uzito ukipungua mno, tela zima huanza kupepesuka nyuma ya gari mara tu mwendo unapoongezeka, na kupepesuka huko kukikomaa hakuna mikono iwezayo kukuzuia. Ukizidi mno, huinyanyua sehemu ya mbele ya gari, na usukani ukawa mwepesi katika wakati ambao wautaka uwe mzito. Ukikuta kasoro, isogeze mashua mbele au nyuma pamoja na vilalio vyake, wala usijaribu kusawazisha kwa kurundika vitu ndani yake.

Na hapa sina budi kusema juu ya machungwa ya Muheza. Kila msafiri atokaye Tanga hupita katikati ya machungwa yaliyopangwa kando ya njia, naye anakwenda kwa jamaa walio mbali, na nyuma yake ana chombo kikubwa kitupu. Basi magunia mawili hutiwa shetri, na Mombo huongezwa matenga ya matunda ya Lushoto, na kabla ya Same ule uzito uliopimwa kwa tadbiri nyumbani umegeuka kabisa. Mashua isibebe kitu isipokuwa tanga lake lililokauka na kukunjwa, pamoja na mlingoti na foromali. Nanga, minyororo, makasia na mota, vyote viwe ndani ya gari, chini. Wala asipande mtu ndani ya mashua, hata kwa kijisafari cha kutoka kijiji hadi kijiji, hata awe mtoto wa mwenyeji wako aliyekulaza. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu heshima hutufanya tuone haya kukataa.

Mlingoti na foromali vilazwe juu ya vilalio vitatu kwa urefu wa mashua, vivikwe magunia kila vinapogusana, na ncha inayozidi nyuma ifungwe kitambaa chekundu mchana na taa ikiwa giza limekukuta. Turubai ama likazwe hata lisipate nafasi ya kupigapiga, ama liachwe nyumbani, kwani turubai linalopepea mwendo wa siku moja huondoa rangi kama msasa.

Ama magurudumu, yana adui yake ambaye ni bahari yenyewe. Tela lililoingizwa majini Tanga ili kuipokea mashua limeshakunywa chumvi katika beringi zake, na siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, vitovu vya magurudumu vifunguliwe, vioshwe, vitiwe grisi mpya. Chukua tairi mbili za akiba za tela lenyewe, kwa maana mara nyingi si za kipimo kimoja na zile za gari, na beringi za akiba kamili pamoja na spana zake. Kila usimamapo, kabla hata ya kuitazama mashua, weka kiganja juu ya kila kitovu: kikiwa na uvuguvugu ni salama, kikikufanya uondoe mkono kwa hima, hapo hapo ndipo mahali pa kutengenezea, na si mji wa mbele. Upepo wa tairi nao upimwe alfajiri, tairi zikiwa bado baridi, maana katika kipupwe tofauti ya alfajiri ya Arusha na mchana wa Mkomazi ni kubwa, na aliyepima mchana hudanganyika.

Siku ya kwanza iwe fupi. Kutoka Tanga hadi Korogwe ni kama kilomita 100, na mtu mwenye azma hudhani ni aibu kusimama hapo. Lakini hizo ndizo kilomita ambazo mashua inajilaza, mikanda inajinyoosha, na kila kosa la ufungaji linajidhihirisha, na Korogwe kuna mafundi wa kuchomelea, maduka ya vipuri na nyumba za wageni zenye ua wa kufungwa. Lala hapo, na asubuhi anza kazi ya kufunga upya kana kwamba hukufunga. Ikiwa una jamaa Lutindi, na wengi wanao, iache mashua Korogwe kwa mzee mlinzi wa kuaminika, uje kwetu bila tela: njia yetu ya kupandia ni ya mlima, ina kona zisizokubali urefu wa gari pamoja na tela, na katika kipupwe ukungu na manyunyu huufanya udongo wake uteleze hata siku ambazo bondeni ni jua tupu. Tutafurahi kukuona, lakini chombo kibaki chini.

Utawasikia watu wa Korogwe wakikwambia kwamba iko njia ya mkato, nayo ni kukata kwenda Handeni, kisha Kibirashi, na kuambaa magharibi kupitia nchi ya Wamasai na Wanguu hadi kutokea Singida. Kweli, ukiitazama ramani utaona ya kuwa ni mstari ulionyooka kuliko kuzunguka Moshi na Arusha, na Handeni yenyewe unafika kwa lami. Ushauri wangu ni kwamba mwenye mashua aikatae njia hiyo maadamu ina vipande virefu ambavyo bado ni vya udongo, na hata kama kazi ya kuitia lami inaendelea. Udongo mkavu wa kipupwe hujifanya mikunjo midogo midogo iliyopangika, na gari peke yake hupita juu yake kwa mtetemo tu, lakini tela la ekseli moja huruka kila mkunjo, misumari ya mashua ikaanza kulegea ndani ya mbao bila kuonekana kwa nje. Kilomita zinazookolewa hulipwa kwa kalafati mpya. Fauka ya hayo, beringi ikivunjika baina ya vijiji vya huko utakaa sana.

Kutoka Mombo kwenda mbele barabara imenyooka na hushawishi mwendo. Upande wa kulia ni milima, na pale inapoachana Usambara na Upare upepo hupata mwanya wa kushuka kwa ghafla ubavuni, na mashua juu ya tela, hata bila tanga, ina ubavu wa kutosha kuupokea. Tena njia hii ni ya mabasi. Basi kubwa likikupita kwa kasi, kwanza hewa yake hukusukuma pembeni, kisha likishapita hukuvuta nyuma yake, na katika nafasi ya mvuto huo ndipo tela huanza kuyumba. Tela likiyumba usikanyage breki, wala usiongeze mafuta kwa kutaka kulinyoosha, wala usizungushe usukani kulifuata. Ondoa mguu taratibu, shika usukani pasipo kuutikisa, gari lipungue lenyewe, na kuyumba kutakwisha. Mwendo wa kilomita 60 hadi 70 kwa saa watosha mahali pote penye unyoofu, na penye makazi sheria yetu ni 50. Yape mabasi njia mapema, na usione haya kujitenga pembeni kuyaacha yapite.

Baina ya Babati na Singida, katika vilima vya upande wa Hanang, baridi ya Julai ni kali na ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka. Mtu asiondoke huko kabla ya saa moja na nusu asubuhi, na jioni awe ameshasimama kabla jua halijachwa, kwa sababu malori yaliyoharibika njiani huachwa yakiwa na matawi ya miti tu kama alama, na macho ya dereva aliyechoka hayayaoni kwa wakati. Miteremko ishukwe kwa gia ile ile ambayo ungeipandia. Breki zikishikwa mfululizo hupata moto, na uzito wa tela unasukuma kutoka nyuma. Singida yenyewe ni nchi wazi yenye upepo mwingi: siku utakapouona unavikunja vichaka kando ya barabara, kaa, unywe chai, ungoje.

Sasa narejea kwenye mbao. Mafundi wetu wa pwani hutia pamba katika mianya ya mbao, ndiyo kalafati, huzipaka mbao sifa, na sehemu ya chini huideheni kwa shahamu. Na ustadi wote huo umejengwa juu ya dhana kwamba ubao utakuwa umevimba kwa maji. Ukikauka, ubao hujivuta, pamba hulegea, na mtikisiko wa barabara huitoa nje. Kwa hiyo kabla ya safari mashua ipakwe sifa ndani na nje kwa wingi, maana mafuta hayo huuzuia unyevu usitoke kwa haraka. Kila jioni, penye maji, tandika magunia yaliyoloweshwa ndani ya mashua juu ya mkuku na mbao za chini, yaache usiku kucha, na asubuhi uyaondoe na kulifungua tundu la kutolea maji, yasibaki ndani. Ndoo kumi za maji ni uzito wa watu watatu, nao huhama huku na huku kila gari linapopinda. Maji ya chumvi ni bora kuliko ya mvua au bomba, kwa kuwa hayaozeshi mti, na mwenye kuweza na achukue madumu mawili ya maji ya bahari kutoka Tanga. Mchana mashua ifunikwe upande wa jua ikiwa imesimama. Wako watu walioona mashua zao zikipasuka wakamlaumu fundi. Laiti wangalijua kwamba fundi hakukosea, ila chombo chake kilikaushwa.

Juu ya karatasi sitasema mengi. Tela liwe na usajili wake na taa za breki zinazowaka, mashua iwe na hati zake kutoka TASAC, na ikiwa upana wake unalizidi gari kwa dhahiri, uliza ofisi ya TANROADS kabla ya kuondoka, si mbele ya askari wa barabarani.

Ukifika Mwanza usikimbilie majini. Vitovu vya magurudumu vikiwa bado na joto la safari, maji baridi ya ziwa yatavipoza kwa ghafla na kunyonywa ndani ya beringi. Ngoja saa nzima au mbili. Ukishaishusha mashua, ifunge mahali pa kina kifupi na uiache ivuje, huku watu wakifua maji kwa zamu usiku na mchana, kwa siku mbili au tatu hadi mbao zivimbe na kuikamata pamba. Anayetweka tanga siku ile ile ya kufika anakwenda na chombo kisicho na ubavu. Wanaofua maji wasisimame ziwani kwenye majani na matete, kwa ajili ya kichocho. Utaona pia mashua imezama zaidi kidogo kuliko ilivyokuwa Tanga, nawe usidhani imeharibika: lita 1,000 za maji ya bahari huwa na uzito wa takriban kilo 1,025, na za ziwa ni kilo 1,000, basi maji mepesi hubeba kidogo, na mizigo uliyozoea kuipakia ipunguzwe. Mota nayo hupungua nguvu, kwa maana uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Na kwa kuwa maji baridi huuozesha mti ambao chumvi ilikuwa ikiuhifadhi, sehemu za ndani za mashua sasa zataka hewa: inua mbao za sakafu kila juma, fua ngama yote, uache upepo upite.

Siku ya kuirudisha pwani, au kuipeleka bwawa la Nyumba ya Mungu, ikaguliwe mashua na tela pia, mahali kwa mahali, kwa ajili ya magugu maji na konokono. Kitawi kimoja kilichonasa kwenye ekseli chatosha kuanzisha katika maji mengine balaa ambalo Ziwa Viktoria limelijua tangu miaka ya 1990. Osha kwa maji safi mbali na ukingo, kausha siku kadhaa juani, na ndipo utie grisi kwenye magurudumu na kuanza tena kupima uzito wa shingo ya tela.